Nusu Yangu ya Kosa

Somo: Kutoka 21:33–36, Mathayo 5:23–26



Katika Kutoka 21 kuna sheria fupi ambayo wengi huipita haraka. Ng'ombe wa mtu amempiga pembe ng'ombe wa jirani, na yule wa jirani amekufa. Hakuna aliyekusudia. Musa anaagiza aliye hai auzwe, wenyewe wagawane fedha, na mzoga nao waugawane. Lakini mstari unaofuata unabadilisha hesabu: kama ilifahamika tangu zamani kwamba ng'ombe huyo ni mkali, na mwenyewe hakumfunga, basi hasara yote ni yake.

Nimeirudia sheria hiyo wiki hii kwa sababu ya yale yanayotokea kwenye maegesho ya magari, hapa kanisani, sokoni na hospitalini. Ibada imekwisha, kila mtu ana haraka. Magari mawili yaliyopeana migongo yanatoka kinyumenyume kwa wakati mmoja kwenye njia nyembamba. Dereva mmoja amekazia macho kioo cha kulia, mwenzake ametulia kwenye kamera ya nyuma. Kila mmoja ameona nyuma ni peupe, na kweli palikuwa peupe alipotazama. Mara plastiki inapasuka, milango inafunguliwa, na kabla ya kuulizana kama kuna aliyeumia, neno la kwanza ni: "Wewe hukuniona?"

Nani mwenye kosa? Swali ni halali, na lina majibu. Anayerudi nyuma ndiye anayebeba wajibu mkubwa, maana anakwenda upande asiouona vizuri. Akimgonga aliyesimama, au anayepita zake kwenye njia ya katikati, kwa kawaida kosa ni lake. Wakigongana wote wawili wakirudi nyuma, watu wa bima mara nyingi hugawa hasara nusu kwa nusu, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kuonyesha vingine: picha za kamera, shahidi aliyeona mmoja ameshasimama, au majeraha ya magari yenyewe. Bampa kwa bampa husimulia habari moja. Bampa lililoingia kwenye mlango wa mwenzake husimulia nyingine, kwa kuwa aliyegongwa ubavuni huenda alikuwa ameshatoka na kuanza kukata kona.

Wapo wanaoona Mkristo hafai kuyauliza hayo. "Tusameheane tu, ni mali." Sikubaliani nao. Mara nyingi anayesema hivyo ana gari lenye bima kubwa, na aliye mbele yake ni kijana wa bajaji. Bima ndogo ya kijana haimtengenezei chombo chake. Taa ya nyuma ikivunjika, kesho kazi inalala, na jioni tajiri mwenye bajaji anataka hesabu yake ileile. Ukimwambia kijana huyo asamehe na wewe ukaondoka, umemwachia mzigo wako aubebe kwa jina la Yesu. Musa alimwagiza aliyemjeruhi mwenzake kwenye ugomvi amlipe hata siku alizokosa kufanya kazi. Katika Hesabu 5, mkosaji anaungama, anarudisha kilichopotea chote, kisha anaongeza sehemu ya tano. Zakayo alipookoka aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Katika Biblia, msamaha na malipo hutembea pamoja, na mimi siwezi kuvitenganisha kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Basi shida yetu haiko kwenye swali la kosa. Iko kwenye mahali tunapoanzia kulijibu. Kule bustanini Mungu alimuuliza Adamu habari za Adamu, naye akajibu habari za mkewe. Mke akaulizwa yake, akajibu habari za nyoka. Ndivyo tunavyofanya kwenye maegesho: wewe ulikuja kasi, wewe hukupiga honi, wewe umeegesha vibaya. Ninachowaomba ni kwamba anayemwamini Kristo aanze na nusu yake: "Nilikuwa narudi nyuma. Kushoto sikutazama."

Najua mtu ataniambia kwamba kampuni za bima hukataza kukiri deni pale pale bila idhini yao. Ni kweli, masharti hayo yapo kwenye mikataba mingi, na tuyaheshimu. Ila kusema ulichofanya si sawa na kukubali kulipa. Waachie bima wapime nani alipe nini. Wewe sema kweli, kisha uwapelekee kweli hiyohiyo. Ninachokiogopa zaidi ni ile habari inayobadilika njiani, mtu akifika nyumbani gari lake limeshakuwa "lilikuwa limesimama." Huo ni ushuhuda wa uongo, na aliyeonewa kwa ushuhuda huo huenda Jumapili ijayo akakaa benchi moja nawe kwenye Meza ya Bwana. Yesu anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka kwanza ukapatane naye. Hakusema uchunguze kwanza kama neno hilo ni la haki.

Somo letu linaanza na shimo: aliyelichimba akaliacha wazi, mnyama wa mtu akatumbukia, mchimbaji analipa. Anayeacha gari katikati ya njia "dakika mbili tu," mpaka wengine watoke kwa kubahatisha, ameacha shimo wazi, hata kama gari lake halikuguswa. Na hayo yote ni ya mabati na plastiki. Mtoto aliyeinama kuokota mpira nyuma ya gari haonekani kwenye kioo chochote, na kwake hakuna nusu kwa nusu.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wanaomba hivi kuanzia Jumapili hii. Unapofika, ingia kinyumenyume, ili wakati wa kuondoka utazame mbele. Vijana wa zamu watasimama langoni na katikati ya uwanja. Wakikuashiria usimame, simama. Watoto wa shule ya Jumapili hawatatoka darasani wenyewe. Mzazi, mfuate mwanao kwanza, mshike mkono, ndipo uwashe gari.