Kristo wa Murang'a

Ukijaliwa kufika Murang'a, nchini Kenya, ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, wala usiharakishe kukaa. Tazama kwanza picha tano kubwa za Elimo Njau: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere. Picha hizi alizichora mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla hajatimiza miaka thelathini. Kristo wake ni Mwafrika, na nchi anayoikanyaga ni ya Afrika.

Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, ikaondolewa 1960, kwa hiyo kijana Njau alipaka rangi zake jeraha likiwa bado bichi. Kulikuwa na waliouawa kwa kutokula kiapo, na kulikuwa na waliotiwa kambini au kunyongwa na serikali ya kikoloni kwa kukila, na mara nyingine hao wote walitoka katika ukoo mmoja. Mchoraji angeweza kuchora wauaji na waliouawa, kila mtu akajua ni nani wa kulaaniwa. Yeye alichora maisha ya Bwana. Naamini huo ulikuwa uamuzi wa imani kabla haujawa wa sanaa. Mama aliyefiwa, awe wa upande gani, aliweza kusimama mbele ya msalaba ule akaona mwili unaofanana na wa mwanawe.

Wapo wanaouliza: je, Yesu hakuwa Myahudi wa Galilaya? Alikuwa Myahudi, na asiwepo wa kumnyang'anya Uyahudi wake. Lakini kila Jumapili tunakiri kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili kwa ajili yetu, na hakuna mwili usio na rangi. Mchoraji analazimika kulitamka kwa brashi jambo ambalo sisi wengine tunalikiri kwa midomo na kulipita.

Nasema hivi kwa kuwa mimi pia nachora. Anayeanza kuchora uso wa mtu mweusi huchukua rangi nyeusi kama ilivyotoka kwenye kopo, na uso unakufa papo hapo. Ngozi yetu haiko hivyo. Paji la uso lililo chini ya anga hupokea samawati. Kando ya pua kuna wekundu wa udongo. Shavuni, jua la jioni huacha manjano. Na kivuli cha shingoni kina zambarau usiyoiona mpaka ukae na mtu huyo kwa muda mrefu. Huwezi kumchora mtu uliyemtazama kwa haraka. Mimi nimejifunza kuomba kwa njia hiyo zaidi ya nilivyojifunza kwa maneno: kumkazia mtu macho hadi nikome kumwona kama nilivyomdhania.

Katika nyumba nyingi za Wakristo ipo picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia, anayetazama pembeni. Iliyoenea kuliko zote ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Siidharau. Mama zetu wameomba mbele yake, na Mungu amewasikia. Sallman alimchora Bwana kwa macho ya watu wake, nayo ilikuwa haki yake. Kosa linaingia pale tunapodhani kwamba baada yake hakuna jicho lingine lililoitwa kutazama. Njau mwenyewe, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wachoraji wasinakili, kwa maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni maneno mazito. Nayachukua hivi: Muumba angali akiumba, na anayeridhika na nakala anaishi kama vile kazi ilishakwisha.

Katika kitabu cha Kutoka, mtu wa kwanza kutajwa kwa jina kuwa amejazwa Roho wa Mungu si nabii wala kuhani. Ni fundi, Bezaleli wa kabila la Yuda, na pamoja naye Oholiabu wa kabila la Dani. Walipewa dhahabu, shaba, mbao na nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu. Waisraeli walikuwa wametoka utumwani juzi tu, hawana mji wala shamba, na bado Mungu aliwataka wamjengee mahali penye rangi. Nao wakatoa kwa wingi hata Musa akalazimika kuwaambia wakome.

Ndiyo maana ninawaomba ninyi wazee wa kanisa na kamati za ujenzi, mnapokaa kupanga bajeti, msiache ukuta wa madhabahuni uwe mweupe kwa sababu tu chokaa ni rahisi, wala msiagize bango lililochapwa mjini. Tafuteni kijana wa usharikani kwenu anayechora. Mpeni ukuta, mpeni Injili ya Luka aisome yote kabla ya kushika brashi, mpeni muda wa kutosha kuzitazama nyuso za waumini. Na mlipeni, kama mnavyomlipa fundi wa paa.