Fantasia na Barua za Celie

Mei 2004, mama kijana kutoka High Point, North Carolina, alitangazwa mshindi wa American Idol, shindano la uimbaji la televisheni. Fantasia Barrino alikuwa na miaka 19. Wimbo wake wa kwanza uliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard, na albamu ikafuata mwaka huohuo.

Mwaka 2005, katika kitabu cha maisha yake, alifichua jambo lililonigusa kuliko ushindi wenyewe: kusoma kulimshinda. Mikataba aliyowekewa mbele aliitia saini bila kuielewa. Mamilioni wamempigia kura, naye karatasi moja inamtoa jasho!

Aprili 2007 akapanda jukwaani Broadway, New York, katika The Color Purple, tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya Alice Walker. Akawa Celie, msichana anayedhulumiwa nyumbani, ambaye barua zake kwa Mungu ndizo pumzi yake. Sijui kama kuna nafasi nyingine ingemfaa zaidi.

Lakini ilimgharimu. Kwenye shindano unaimba dakika chache, watu wakapiga kura. Tamthilia inadai sauti ileile na machozi yaleyale jioni baada ya jioni. Koo lake liliumia, maonyesho kadhaa akayakosa.

Akarudi studio, na mwaka 2011 akapata tuzo ya Grammy. Kisha 2023 tukamwona tena akiwa Celie, safari hii kwenye filamu. Nampenda zaidi Celie huyu wa pili. Haharakishi chochote, anaimba kama mtu asiyesubiri tena kura za yeyote.