Kukiri Kosa la Matusi na Fujo Mbele ya Hakimu

 

Ndugu zangu Waislamu wa Mbulu na Hanang, kijana mmoja aliyesoma chuoni kwangu alikwenda mnadani kuuza mbuzi. Akateta na mnunuzi juu ya bei, akamtukania mama yake mbele za watu, wakakamatana mashati. Hapana aliyetoka damu. Askari akawachukua, na asubuhi yake kijana akasomewa katika Mahakama ya Mwanzo kuwa ametukana, tena amempiga mwenziwe kwa fimbo. Fimbo hakuwa nayo! Lakini alipoulizwa alijibu, "Ni kweli yote," kwa kuwa mbuzi wake waliosalia hawakuwa na mchungaji. Akatoa faini, akarudi kwao. Mwaka wa pili akaomba kazi ya ulinzi, akaulizwa kama amepata kutiwa hatiani. Hapo ndipo aliponijia analia: "Maalim, yalikuwa maneno tu."

La, hayakuwa maneno tu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kumtukana Muislamu ni ufasiki, na katika Surat al-Hujurat tumekatazwa dharau na majina mabaya. Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kuwa tusi la kumsingizia mtu zinaa lina hadi yake, na tusi jingine lina taazir, yaani adhabu aikadiriayo kadhi. Na dola nayo ina neno lake. Kanuni ya Adhabu iliyotungwa mwaka 1945, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo itumikayo hata leo, yasema kuwa amtukanaye mtu, au afanyaye ugomvi, kwa namna iwezayo kuvunja amani, aweza kufungwa hata miezi 6. Angalieni vema: haikushurutishwa pigo wala jeraha. Wala mlevi asidhani kuwa pombe ni udhuru. Kanuni hiyo haiukubali ulevi kuwa kinga ila kwa hali chache, na mafakihi wetu humhesabia aliyelewa kwa kusudi talaka yake na makosa yake. (Minada yetu haiwakosi watu hawa, na wengine wana majina ya Kiislamu.)

Lakini kosa kubwa la kijana yule, kwa maoni yangu, lilikuwa lile neno "yote". Kukiri katika fikihi hakusihi illa kwa mtu baleghe, mwenye akili, mwenye khiari yake. Ni jambo zito, kwani mtu hujishuhudia mwenyewe. Na mahakamani ni vivyo hivyo: aliyekiri, kwa kawaida hawezi kukata rufaa juu ya kutiwa hatiani, ila juu ya adhabu peke yake. Na rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Yeye alinijia baada ya mwaka! Ilimpasa akiri tusi, kwani alitukana, na akane fimbo. Kukiri usilolitenda ili upate kutoka upesi ni uwongo, ijapokuwa unajidhuru mwenyewe. Na mzee asiyejua ila Kiiraqw au Kibarbaig asiitikie kwa kichwa mashitaka asiyoyafahamu. Aombe mkalimani, ni haki yake.

Tena iko njia ambayo wazee wetu huichelewesha. Katika makosa madogo ya mtu na mtu, mahakama inayo ruhusa ya kuwapatanisha wagomvi, hata kwa fidia, na kuiondoa kesi. Basi wazee wa pande zote mbili na wawahi kabla ya hukumu, wamwambie hakimu kuwa wanataka sulhu.

Sisi hatukuwahi. Nilikwenda na kijana wangu kwa yule mnunuzi, tukakaa chini ya mti wake, naye akasamehe papo hapo, akasema hata jina la tusi amelisahau. Wakapeana mikono. Lakini kule kwenye daftari la mahakama hatia imebaki, na ile kazi ya ulinzi amepewa mwingine.