Chai ya Mtu na Chai ya Watu

Katika nyumba nyingi za Waswahili mgeni haulizwi anapenda chai gani. Huambiwa, "Karibu chai," na chai huletwa. Pengine ataulizwa kama anataka ya maziwa au ya rangi, na kama sukari imetosha, lakini maswali hayo ni ya adabu kuliko ya uchaguzi. Neno lenyewe limebeba mengi. Anayesema kwamba hajanywa chai tangu asubuhi huenda ana maana kuwa hajatia kitu tumboni, na anayeombwa "chai" ofisini anaelewa vyema kwamba haombwi majani. Kwa desturi hii chai ni ya watu: hupikwa katika sufuria moja, humiminwa katika chupa moja, na hugawiwa waliopo na yeyote atakayetokea kabla haijapoa.

Chukulia, basi, mwanamke aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye maisha yamempeleka London. Karibu na anakoishi kuna duka linalouza majani mazima ya chai, yasiyofungwa katika vifuko. Makopo yamepangwa ukutani, kila moja na jina la mlima au wilaya: Darjeeling, Assam, Uji, Anxi. Anaanza kununua gramu 50 za hii, kisha gramu 50 za ile. Baada ya miaka kadhaa anaweza kutaja bila kusita chai aipendayo kuliko zote: oolong ya milima ya Wuyi katika jimbo la Fujian, iliyokaushwa kwa moto wa makaa. Kisha anarudi nyumbani kwa likizo. Mama yake anamtilia kikombe, anamtazama akinywa, anauliza, "Imekolea, mwanangu?" Jibu linamkwama kooni. Tangawizi na sukari zimetangulia ulimini, maziwa yamefuata, na majani yenyewe hayaonekani yalipo.

Katika kukwama huko mna swali la kimaadili. Je, kitu apendacho mtu kimekuwa ndani ya nafsi yake siku zote, kikingoja kugunduliwa, au ni kitu anachofundishwa kukipenda? Na akishakipata, anadaiwa nini na wale aliokunywa nao kabla ya kukipata?

Hekima ya Kiswahili inatoa majibu mawili yanayovutana. Methali moja inasema kwamba kipendacho moyo ni dawa. Kwa mujibu wake, upendeleo hauna hakimu: moyo umesema, na mjadala umekwisha. Methali nyingine inasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mujibu wa hii, wema umo katika kitu chenyewe, na asiyeuona ana upungufu. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alikabiliana na mvutano wa namna hiyo katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha, iliyochapishwa mwaka 1757. Aliona kwamba watu husema ladha hazibishaniwi, ilhali watu hao hao hawasiti kumcheka anayelinganisha mwandishi hafifu na mwandishi bora. Kila kauli ina ukweli wake. Kazi ni kujua mpaka wa kila moja.

Majani ya chai yanasaidia kuuona mpaka huo. Chai nyeupe, ya kijani, oolong, nyeusi na pu-erh zote hutoka katika mmea wa aina moja, Camellia sinensis. Kinachozitenganisha kwa sehemu kubwa ni mkono wa binadamu: majani yanyaushwe kwa muda gani, yaachwe yageuke rangi kwa hewa kiasi gani, na moto uingie lini. Kwa hiyo anayeonja haonji mmea peke yake. Anaonja maamuzi ya watu asiowajua. Na yeye pia ana mkono katika jambo hilo. Mwanamke wa mfano huu alipopika sencha ya Japani kwa mara ya kwanza, aliimwagia maji yanayotokota, kama alivyozoea tangu utotoni. Akapata uchungu na ukakasi uliokausha kinywa chote, akaamua kwamba chai ya kijani si yake. Mwaka mmoja baadaye alielezwa kwamba majani yale yanataka maji ya nyuzi 70 hivi, na yasikae humo zaidi ya dakika moja au mbili. Alipojaribu tena, alikuta kitu kingine kabisa: utamu mwepesi, na harufu ya majani mabichi baada ya mvua. Kumbe hukumu yake ya kwanza haikuwa juu ya sencha. Ilikuwa juu ya mkono wake mwenyewe, na moyo uliokuwa umesema ulikuwa umesema kuhusu kitu ambacho haujakutana nacho.

Hapa ndipo methali ya moyo inapohitaji kusaidiwa. Kupenda na kuonja ni vitendo viwili. Kuonja ni kutambua kilichomo, na katika kutambua mtu anaweza kupatia au kukosea. Hume alieleza hilo kwa kisa alichokichukua katika riwaya ya Don Quixote. Ndugu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa. Mmoja akasema ni mzuri, ila kuna ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila kuna ladha kidogo ya chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomalizika, chini yake ulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Ndimi zao zilikuwa zimesema kweli kabla ya macho ya wengine kuiona.

Ushahidi kwamba vitendo hivi ni viwili upo Mombasa kwenyewe, katika mnada unaouza chai ya Kenya pamoja na ya nchi jirani kama Uganda, Rwanda na Burundi. Waonjaji wa biashara hiyo hupita mbele ya safu ndefu za vikombe, huvuta funda kwa kishindo, hulitema, na husonga mbele. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103, kilichotolewa mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Lengo la kiwango hicho ni kulinganisha chai moja na nyingine kwa haki. Hakuna anayedai kwamba ndivyo chai tamu inavyopikwa. Mwonjaji anaulizwa chai hii ikoje, na swali la kama anaipenda haliingii kazini. Anaweza kuijua chai kwa undani bila kuipenda. Kinyume chake hakiwezekani kwa ukamilifu: anayependa asichokijua anapenda jina lake, au bei yake, au kopo lake.

Na hatari hiyo ni ya kweli. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979, alionyesha jinsi upendeleo wa watu katika chakula, muziki na picha unavyofuata tabaka lao, na jinsi mtu anayepanga vitu kwa ubora anavyojipanga yeye mwenyewe machoni pa wenzake. Kwa mhamiaji shaka hii ina makali zaidi. Je, mwanamke huyu anaipenda oolong ya Wuyi, au anapenda kuwa mtu wa London anayeipenda oolong ya Wuyi? Hakuna mashine ya kupima jambo hilo, lakini kuna majaribio ya kawaida. Je, angeitambua na kuichagua kama angemiminiwa bila kuonyeshwa kopo? Je, huinywa alfajiri akiwa peke yake, wakati hakuna wa kumtazama wala wa kusimuliwa? Je, anaweza kukiri kwamba ile ya bei kubwa zaidi haimpendezi? Anayejibu ndiyo kwa maswali haya ana haki ya kusema "chai yangu." Haki hiyo ameichuma kwa kuonja mengi asiyoyapenda, pamoja na Lapsang Souchong, ambayo moshi wake wa misonobari ulimkumbusha samaki wa kukaushwa na kumshinda mara tatu. Upendeleo wake hakuukuta moyoni ukiwa tayari. Aliujenga kwa subira, juu ya moyo uliokuwapo.

Linabaki swali la mama: "Imekolea?" Wapo watakaosema kwamba jibu jepesi ni uongo wa adabu, na kwamba uongo huo hauna dhambi. Immanuel Kant, ambaye hakuwa mlegevu kuhusu uongo, aliandika mwaka 1798 kwamba heshima za mazungumzo hazimdanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja anajua zichukuliwe vipi; alizilinganisha na sarafu ndogo zinazozunguka mikononi mwa watu. Jibu hilo lina busara, lakini linampunja mama. Linamfanya mtu wa kupozwa kwa sarafu ndogo, kana kwamba yeye hana hukumu inayostahili kujibiwa.

Afadhali kuitazama sufuria yake kwa makini yale yale yaliyofunzwa na sencha. Majani anayoyatumia ni ya chembechembe, ya aina ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chai ya Kenya: yamepitishwa katika mashine zinazoyaponda, kuyararua na kuyaviringisha ili yatoe rangi na nguvu upesi, nguvu inayohimili maziwa. Oolong ya Wuyi ingezama katika maziwa hayo na kupotea. Tangawizi ameitia katika maji pamoja na majani, akaiacha ichemke sana kabla ya maziwa kuingia, kwa sababu anajua kwamba tangawizi mbichi ikikutana na maziwa huweza kuyakata. Iliki ameiponda wakati huo huo, hakuiponda jana. Moto ameupunguza maziwa yalipopanda, akayaacha yashuke, yakapanda tena bila kuungua. Hayo yote ni maamuzi, na yana kupatia na kukosea kama maamuzi ya bwana wa chai wa Fujian. Kwa kipimo cha chai ya aina yake, imekolea. Binti anayejibu hivyo anatoa hukumu ya kweli, na ameweza kuitoa kwa sababu ulimi wake umesoma. Usomi ambao ungemfanya aone majani ya Wuyi tu, asione mkono wa mama yake, ungekuwa nusu ya usomi.

Mpinzani atasema kwamba hapa mambo yamerahisishwa. Vipi kama maziwa yameungua na majani ni ya mwaka juzi? Katika hali hiyo chai haikukolea, na ulimi mwaminifu unajua. Lakini mgeni hakuitwa kuwa mwonjaji wa mnada. Aliyekaribishwa chai amekaribishwa kuketi, na kikombe ni njia ya kuketi huko. Akinywa kimya, hajasema uongo wowote. Ametambua tu kwamba swali lililo mezani si la majani. Kosa la mjuzi wa chai huanzia pale anapodhani kwamba kila kikombe kinamsubiri akihukumu. Chai ya mtu ina mahali pake, na chai ya watu ina mahali pake. Uungwana ni kujua umeketi mahali gani.

Pengine mtihani mgumu zaidi unakuja siku ya pili, binti anapofungua mkoba na kutoa kopo dogo alilolibeba kutoka London. Anapika mwenyewe, kwa maji aliyoyapima, anammiminia mama yake kikombe kisicho na maziwa wala sukari, kisha anangoja. Sasa yeye ndiye anayetamani kuuliza kama imekolea. Mama anaonja, ananyamaza kidogo, anasema, "Ni nzuri, mwanangu. Nipe sukari."

Aipendaye kweli oolong yake atausikia moyo ukishtuka. Kisha atasogeza kopo la sukari.