Mifupa iliyogeuka mawe: Tusiwafungie watoto wetu aya za Allah

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Mtumba, katika kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu, binti wa kidato cha nne aliniuliza: "Ustadhi, visukuku ni vya kweli?" Alikuwa ametoka kwenye kipindi cha baiolojia, ambako walifundishwa kuhusu masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Sikuwa na elimu ya jambo lile. Badala ya kusema "Allahu a'alam", nikajibu kwamba hizo ni porojo za makafiri. Darasa likacheka, nami nikajiona nimeinusuru dini.

Binti yule alikuwa anaongoza darasa katika baiolojia na alitaka udaktari. Wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tano akakimbia sayansi. Mama yake alipomhoji, akasema: "Ustadhi alisema ni mambo ya makafiri." Ndugu msomaji, si sisi hao hao tunaolalamika kila siku kwamba wake zetu wakienda kujifungua hawamkuti daktari wa kike Muislamu? Basi mmoja nilimzuia mimi, kwa ulimi wangu.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (S.W.) anatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na anatuonya kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Ilinibidi nitafute nilichokikataa bila kukijua.

Sikulazimika kwenda Ulaya. Jirani zetu wa Singida wanacho. Magharibi ya mji wa Singida kuna mahali panaitwa Mahenge. Takriban miaka milioni 46 iliyopita, ardhi pale ilipasuka kwa nguvu ya volkano, likabaki shimo, shimo likajaa maji, likawa ziwa. Samaki walipokufa walizama chini, tope laini likawafunika tabaka juu ya tabaka, na tope hilo likawa mawe yanayofunguka kama kurasa za kitabu. Umri huo haukukisiwa tu. Ulipimwa kwa punje ndogo za madini yenye urani, ambayo hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana.

Ndani ya kurasa hizo wataalamu wamekuta mifupa ya samaki wa jamii ya perege, na samaki mwingine ambaye jina lake la kisayansi ni Singida. Wamekuta chura, na popo aliyetangazwa mwaka 2003 kwa jina la Tanzanycteris. Wala samaki hawa si wa kwanza. Katika miamba ya kale zaidi duniani yenye mifupa ya namna hii, wenye uti wa mgongo ni samaki watupu, tena wa mwanzo hawana hata taya. Wenye taya wanakuja baadaye, kisha wenye miguu, kisha wanaonyonyesha. Kokote wanakochimba, mpangilio ni huo.

Sasa tazama mkono wako. Una mfupa mmoja toka begani hadi kiwiko, miwili hadi kifundo, kisha vidole. Popo naye ana mpangilio huo huo, ila mmoja wa mifupa miwili umesinyaa, na vidole vimerefuka vikabeba utando wa bawa. Wanasayansi wanasema hii ni dalili kwamba wenye uti wa mgongo wana asili moja. Muumini anaposoma Suratun Nuur, aya ya 45, kwamba Allah ameumba kila mnyama kutokana na maji, wapo watambaao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na kwa minne, ana sababu gani ya kuikimbia mifupa hii?

Bali tumeamrishwa kuitazama. Suratul Ankabut, aya ya 20, inatuamuru tutembee katika ardhi tuangalie jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Haikusema tukae misikitini tukisie. Na wa kale wetu walitii. Al-Biruni, aliyeishi karibu miaka elfu moja iliyopita, aliona makombe ya baharini ndani ya mawe ya nchi kavu, akasema hapa palikuwa bahari. Hakuna aliyesema ametoka katika Uislamu kwa kusema hivyo.

Najua swali lililobaki: Je, Nabii Adam (A.S.)? Hili tuliseme wazi. Khabari ya Adam tumeipata kwa wahyi na tunaiamini. Wanasayansi wanamhesabu mwanadamu pia katika ukoo wa viumbe hawa, na maulamaa wa zama zetu wamejadiliana sana juu ya hilo, kila mmoja na hoja zake. Mjadala huo una watu wake. Lakini kumkana samaki wa Mahenge hakumuongezei Adam heshima yoyote. Mtoto tuliyemwambia mifupa ni uongo, siku akiiona kwa macho yake, hatasema mwalimu alikosea. Atasema dini ilikosea. Hapo dhima tutaibeba sisi.

Kwa hiyo nawanasihi walimu wenzangu wa madrasa na mashule: tusilolijua tuseme hatulijui. Wazazi, msiwatoe watoto maabara kwa jina la Uislamu. Nanyi wanafunzi, someni baiolojia kwa bidii, na kwenye mtihani jibuni mlichofundishwa, kwani kueleza hoja za wanasayansi si kuritadi.

Binti yule nilimfuata nyumbani kwao, nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe. Lakini miaka yake ya masomo sikuweza kumrudishia.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, na utusamehe tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.