Kuatamia Mayai Yasiyo Yetu

Huko tambarare za Upare, kando ya Ziwa Jipe, mkulima huweza kukuta shimo lenye mayai ya chatu. Wengi huyaponda mara moja. Lakini wako watu duniani wayatiao mayai ya nyoka katika sanduku lenye joto nyumbani, ili wapate nyoka wa kufuga. Je, ni jambo jema?

Kwanza na tuijue kazi ya mama. Mwaka 2018 Graham Alexander, mtaalamu wa Afrika Kusini, alitoa habari za chatu wa kusini, ambaye yuko hata Tanzania. Jike huota jua mlangoni pa shimo hata mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyazunguka mayai na kuyapasha joto. Muda huo wote hali kitu. Watoto wakiisha kuanguliwa, hukaa naye kama majuma mawili. Hata yule tumwitaye adui anao ulezi.

Mtu aweza kuiga joto hilo, mradi asiyageuze mayai kama kuku ageuzavyo yake, maana kilichomo hushikamana na ganda, nacho huweza kufa. Akifaulu hujiita mzazi. Lakini joto peke yake si ulezi. Chatu huweza kuishi zaidi ya miaka 20 na kupita mita 4. Ni nani atakayemtunza siku zote hizo? Huko Florida, Marekani, chatu wa Asia waliotoka mikononi mwa wafugaji wamezaana katika vinamasi vya Everglades, wakala wanyama wa huko. Mchezo wa mmoja umekuwa taabu ya wengi.

Mithali yasema, mwana wa nyoka ni nyoka. Watu huitumia kulaumu. Sisi twaona ndani yake haki: na awe nyoka porini, ale panya, wala asiwe pambo la nyumba.

Lakini mtu atauliza: mama akiisha kuuawa, mayai yaachwe yaoze? Swali hili ni zito, na huruma yake ni ya kweli. Ila huruma njema hutafuta faida ya ahurumiwaye, si furaha ya ahurumuye. Basi na ampashe habari afisa wa wanyamapori, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa afugaye mnyama wa porini.

Na kama mama yupo, msimkaribie. Limeni upande mwingine. Miezi michache ya subira si hasara kubwa.