Kwaresima, Ubatizo na Kungoja

Katika mwaka wa liturujia, yaani mpangilio wa majira ambamo Kanisa Katoliki huadhimisha mafumbo ya wokovu, hakuna kipindi kinachofungamana na ubatizo kama Kwaresima, ambayo huanza Jumatano ya Majivu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba ukatekumeni wa watu wazima, yaani maandalizi ya ubatizo kwa hatua, urejeshwe. Kilele cha maandalizi hayo ni mkesha wa Pasaka, wanapobatizwa.

Je, neema ya Mungu hufuata kalenda? La hasha, kwa kuwa mtoto mahututi hubatizwa saa yoyote, hata na mlei, kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Anayehitaji majira ni mwanadamu, ambaye moyo wake hukomaa kwa kungoja.

Lakini kuna kungoja kusikostahili kusifiwa. Katika vigango vya mbali nchini Tanzania, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, Pasaka hufika kwa tarehe yake ilhali Misa humngoja padre, na katekista huongoza ibada ya Neno peke yake. Waamini wa vigango hivyo wamefunga Kwaresima kama wenzao wa parokiani, na kanuni ya 213 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawatambulia haki ya kupewa sakramenti na wachungaji wao.